Jibu: Dawa ya kifafa imenipa jiwe kwenye figo, je, niiache?

Dada mmoja wa Kisumu ameniandikia, nimefupisha maneno yake. Ana miaka 31, anauza nguo soko la Kibuye, kifafa kilimwanza akiwa shule ya msingi. Miaka mitatu sasa anameza topirameti, miligramu 100 asubuhi na 100 jioni, na hajaanguka tena. Juzi usiku akashikwa na maumivu makali ubavu wa kushoto, yakashuka mpaka kinenani, akatapika, na mkojo ukatoka rangi ya chai ya rangi. Altrasaundi ikaonyesha jiwe la milimita 5 kwenye figo. Aliyempima akasema ni maji ya kisima. Jirani yake ambaye ni nesi akasema hapana, ni hizo tembe za kifafa, aziache. Mama mkwe naye ameshaleta manyasi, yaani dawa za miti shamba. Anauliza amsikize nani, na akiacha dawa, jiwe litayeyuka?

Pole sana dada. Kuna akina mama waliozaa na pia wakapata jiwe, na wengi wao huniambia afadhali uchungu wa kuzaa, kwa hivyo najua umepitia kitu kizito.

Kabla sijasema lingine lolote: usiache hizo tembe. Sio leo, sio kesho, hata kama umekasirika nazo, na najua umekasirika. Mtu ambaye ametumia dawa ya kifafa miaka mitatu akaikata ghafla anaweza kuanguka mara moja juu ya nyingine bila kupata fahamu katikati, na hiyo hali inaweza kuua ama kuharibu ubongo kabla hata boda haijafika hospitali. Jiwe la milimita 5 lina uchungu mbaya lakini linakupa muda wa kufikiri, mtukutiko usiokoma haukupi. Na jibu la swali lako la mwisho ni hapana, ukiacha dawa jiwe halitayeyuka. Mawe ya aina hii yameshikana na kalsiamu, yakishakuwa yamekuwa, litatoka lenyewe ama litatolewa.

Sasa, jirani yako huenda hajakosea kuhusu chanzo. Topirameti (wengine mnaijua kwa jina la Topamax) kweli huleta mawe kwenye figo, na hii si habari ya mtaani, imeandikwa kwenye karatasi inayokuja ndani ya paketi, ile tunayoitupa. Katika majaribio yaliyofanywa kabla dawa haijaidhinishwa Marekani mwaka 1996, watu wazima 32 kati ya 2,086 walipata mawe, hiyo ni kama 1.5 kwa kila 100, na watengenezaji wenyewe wakaandika kwamba ni mara mbili hadi mara nne ya inavyotarajiwa kwa watu wa kawaida. Kwa wanaoimeza miaka mingi hatari inazidi kuongezeka, na wengine wana mawe na hawajui juu hayajasonga bado. Ndugu yake inaitwa zonisamidi, hiyo ni karibu watu 4 kwa kila 100. Dawa nyingi za kifafa tunazotumia huku kwetu, karbamazepini, fenobabitoni, hazina hii tabia, kwa hivyo msomaji mwingine anayesoma hapa na anameza hizo asianze kushika kiuno.

Nieleze venye inatokea, manake ukielewa hapa utaelewa kwa nini nakupa masharti ninayokupa baadaye. Figo ina kimeng'enya kinaitwa kaboniki anhidresi, kazi yake mojawapo ni kurudisha bikaboneti (kile kitu kinachopunguza asidi ya damu) kwenye damu isipotee na mkojo. Topirameti inakizuia. Bikaboneti ikimwagika mambo mawili yanafuata pamoja: damu inakuwa na asidi kidogo zaidi, na mkojo unapoteza asidi yake. Mwili ukiona damu ina asidi unaanza kubana sitreti, hairuhusu iende kwenye mkojo, na sitreti ndiyo ile kitu ambayo hushikilia kalsiamu isikutane na fosfeti. Kwa hivyo una mkojo usio na asidi ya kutosha, na hapo fosfeti ya kalsiamu huganda kwa urahisi, na hapo hapo mlinzi ameondolewa. Ukiongeza na mkojo mchache mzito, jiwe limepata kila kitu inachohitaji. Dawa peke yake haijengi jiwe kwa kila mtu, la sivyo wote wanaoimeza wangekuwa nayo. Inatayarisha mkojo, na hiyo ndiyo habari njema, juu mkojo tunaweza kuubadilisha bila kugusa ile dawa inayokufanya usianguke.

Kuhusu maji ya kisima. Hii nimeisikia Kisumu, nimeisikia Nakuru, kila mahali maji yakiwa na chumvi chumvi na kuacha weupe kwa sufuria watu husema yanaleta mawe. Mimi nakuambia mtu anayekunywa lita tatu za maji magumu yuko salama kuliko anayekunywa nusu lita ya maji matamu ya chupa. Ubaya wa kumwambia mtu ni maji ya kisima ni kwamba anaanza kuogopa maji, anakunywa kidogo, na jiwe la pili linakuja haraka. Kitu kimoja tu nitasema kwa walio Nakuru, Gilgil, Naivasha na hayo maeneo ya Bonde la Ufa: visima vingi huko vina floraidi nyingi, ndio meno ya kahawia mnayoyaona kwa watoto, na Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho miligramu 1.5 kwa lita. Kama daktari amekuambia unywe lita tatu kila siku miaka yote, tafuta maji ya mvua ama yaliyochujwa floraidi. Hiyo ni kwa ajili ya meno na mifupa, sio mawe.

Sasa tuongee maji yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nadhani hapa ndipo shida yako ilipo. Umeniambia unauza nguo Kibuye. Najua ile siku ilivyo: unafika alfajiri kupanga mali, jua linawaka, huwezi kuacha nguo peke yake uende choo, choo chenyewe ni cha kulipia na si cha kutamanika, kwa hivyo unajinyima maji makusudi ili usisumbuke, ama sivyo? Akina mama wa soko wengi hufanya hivyo, na mtu wa kawaida anaweza kuvumilia miaka bila shida kubwa lakini wewe uko kwa topirameti na Kisumu ni joto, unatoka jasho, kinachobaki kwenye kibofu ni kidogo na kizito. Chukua kijiko cha chumvi ukitie kwa glasi ya maji, kinayeyuka chote, alafu ukitie kwa kijiko kimoja cha maji, kinabaki pale chini.

Lengo si unywe ngapi, lengo ni ukojoe ngapi: lita 2.5 kwa siku, ndicho kipimo ambacho madaktari wa njia ya mkojo huwapa watu wenye mawe. Kwa joto la Kisumu itabidi unywe lita tatu na zaidi kidogo ndio itoke hiyo. Pima siku moja tu ukiwa nyumbani, Jumapili, ukojoe kwa debe ndogo uone, utashangaa. Baada ya hapo tumia rangi, unataka mkojo mweupe mweupe, sio rangi ya chai. Chupa ya nusu lita, sita ama saba kwa siku. Mbili kabla hujatoka nyumbani na ukojoe kabla ya kupanda matatu, moja kila masaa mawili sokoni, ya mwisho kabla ya kulala, na ukiamka usiku kukojoa kunywa glasi nyingine, manake usiku ndio mkojo hukaa muda mrefu zaidi. Kuhusu choo, elewana na mwenzako wa meza ya karibu mlindiane mali kwa zamu. Hiyo pesa ya choo ihesabu kama bei ya dawa, kabisa, naomba uichukulie hivyo. Mwenye ugonjwa wa moyo ama figo zilizochoka asifuate hiki kipimo bila kuuliza daktari wake, lakini kwako kwa yale uliyonieleza ni sawa.

Alafu ndimu. Sitreti niliyosema mwili unaibana, iko kwa ndimu na limau nyingi. Kamua upate karibu nusu kikombe kwa siku, uchanganye na maji yako ya kunywa mchana wote, bila sukari. Suuza mdomo kwa maji matupu baadaye, meno yasiharibike. Haitavunja jiwe lililopo, usidanganywe, inasaidia lisikue na lingine lisije. Kuna pia tembe za potasiamu sitreti, hizo ni nguvu zaidi lakini zinataka daktari akupime potasiamu na figo kwanza, usijinunulie.

Kile ambacho sitaki ununue ni ule unga wa kukoroga unaotoa povu, ambao kemisti hupea mtu akisema mkojo unachoma. Una bikaboneti na sodiamu, na wewe mkojo wako tayari umepoteza asidi. Kwa sababu hiyo hiyo punguza magadi. Najua mrenda, ama apoth kwa Kijaluo, bila magadi wengine husema sio mboga, lakini wewe pika ya kwako pembeni ama utie kidogo sana. Magadi ni sodiamu, na sodiamu ya aina yoyote, hata ya chumvi ya kawaida na zile mchuzi mix tunazomwaga kwa kitoweo, inasukuma kalsiamu itoke zaidi na mkojo. Nyama nayo iwe ya kiasi. Lakini omena na maziwa usiache! Watu wakisikia jiwe ni kalsiamu wanakata maziwa, na ni kosa, topirameti tayari inaweza kudhoofisha mifupa kwa ile asidi ya damu, ukikata kalsiamu ya chakula umeumia pande mbili. Zile tembe za vitamini C za miligramu 1000 zinazouzwa kama peremende, achana nazo, mwili huzigeuza kuwa okzaleti na hiyo ni mlango mwingine wa mawe.

Manyasi ya mama mkwe. Sitamtukana mama wa watu, ameleta kwa upendo na nakuomba umjibu kwa heshima. Lakini hakuna anayejua yaliyomo yatafanya nini na topirameti mwilini mwako, kuna miti inayoumiza figo, na figo yako moja saa hii ina jiwe. Mwambie daktari amekataza kuchanganya. Nibebeshe mimi lawama.

Sasa hapa naomba usome mara mbili, na umsomee pia bwanako, juu maumivu yakirudi huenda wewe hutaweza kuongea. Mtu akifika hospitali analia na ubavu hupigwa sindano ya maumivu haraka, na mara nyingi sana sindano hiyo ni tramadoli. Tramadoli inaweza kuamsha kifafa. Pethidini pia. Nesi hana makosa, hajui una kifafa, wewe unajipinda tu kwa kitanda na kifafa hakiandikwi usoni. Kwa hivyo neno la kwanza mlangoni liwe "nina kifafa, natumia topirameti, sitaki tramadoli". Dawa nzuri ya maumivu ya jiwe ni diklofenaki ya sindano, na kwa ukweli hata kwa mtu asiye na kifafa ndiyo huanza nayo, mradi huna vidonda vya tumbo na figo ziko sawa. La pili, sipro. Mkojo ukichoma huku kwetu watu hupitia kemisti wanapewa sipro bila kupimwa, na hiyo familia ya antibiotiki pia huamsha kifafa. Ukihitaji antibiotiki ziko zingine, mkumbushe anayekuandikia.

La tatu ndilo linaniogopesha zaidi, homa. Kisumu ukiwa na homa na baridi ya kutetemeka kila mtu anasema malaria, unapimwa malaria, unapewa dawa, unarudi nyumbani. Mtu mwenye jiwe akipata homa na ubavu unauma, hiyo inaweza kuwa usaha umefungiwa nyuma ya jiwe, na hapo si mambo ya kungoja asubuhi, sumu inaingia kwenye damu. Pimwa malaria sawa, lakini hata ikipatikana waambie una jiwe, wapime mkojo na wakuangalie altrasaundi usiku huo huo. Pia ukikosa kukojoa kabisa, ama ukitapika mpaka tembe za kifafa hazikai tumboni, nenda. Kukosa tembe siku mbili kwa sababu ya kutapika ni sawa na kuziacha, ubongo haujui tofauti.

Jiwe lenyewe sasa. Milimita 5 liko pale mpakani, mawe ya chini ya hapo mengi hutoka yenyewe yakiingia kwenye mrija, karibu mawili kwa kila matatu, makubwa zaidi hukwama mara nyingi. Kwa vile mkojo wako ulitoka rangi ya chai, ambayo huenda ni damu, inawezekana kuna kipande kingine kilishapita usiku ule. Daktari anaweza kukupa tamsulosini kulegeza mrija na kungoja wiki nne mpaka sita kama hakuna homa na maumivu yanadhibitika. Kojolea kwa kichujio cha chai, kipya, kiwe cha kazi hiyo tu, na ukikamata hata chembe ya mchanga weka kwa kichupa kikavu upeleke maabara. Watu hutupa jiwe kwa furaha kwamba limetoka, na ndilo lingetuambia wazi kama ni fosfeti ya kalsiamu, ile inayosababishwa na dawa yako, ama ni aina nyingine kabisa ambayo topirameti haihusiki. Likikataa kutoka kuna kuvunjwa kwa mawimbi kutoka nje ya mwili ama kuingizwa kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo, unahitaji rufaa kwa daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo.

Je, mwishowe dawa ibadilishwe? Maoni yangu, na daktari wako anaweza kuona tofauti akikupima: hili ni jiwe la kwanza, na umekaa miaka mitatu bila kuanguka, hiyo miaka mitatu ni mali. Kuna watu wamejaribu dawa nne hawajaipata. Ningekuacha kwa topirameti, nikabadilisha mkojo kwa maji, ndimu na chumvi kidogo, nikapima bikaboneti ya damu sasa na tena baada ya miezi michache, na altrasaundi baada ya miezi sita. Bikaboneti ikiwa chini sana, ama jiwe la pili likija, ama hili likikua, hapo nitasema tubadilishe, pole pole, dawa mpya ikipanda huku ya zamani ikishuka kwa wiki kadhaa. Na kwa mwanamke wa miaka 31 usikubali kuhamishiwa Epilim, yaani valproeti, kirahisi kwa sababu ni ya bei nafuu na inapatikana, valproeti ina madhara makubwa kwa mtoto tumboni. Lamotrijini na levetirasetamu ndizo ningeanza kuziongelea, bei yake ni tatizo, najua, uliza kama hospitali yako ya rufaa inazo kabla hujaenda kununua nje.

Hukuniuliza hili lakini siwezi kunyamaza. Topirameti kuanzia miligramu 200 kwa siku, yaani kipimo chako hasa, inapunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, na yenyewe ikitumika mimba ikiwa changa inaongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mdomo uliopasuka. Kama unatumia vidonge, zungumza na kliniki kuhusu koili ama sindano. Kama unapanga mtoto, sema kabla ya kushika mimba, na hiyo peke yake inaweza kuwa sababu ya kubadilisha dawa mapema kuliko jiwe. Ukishajikuta una mimba usikate dawa kwa hofu, nenda kliniki wiki hiyo hiyo.

Ukienda hospitali, iwe ni Russia pale (hospitali ya rufaa ya Jaramogi) ama kwingine, beba karatasi ya altrasaundi, paketi ya tembe zenyewe, na hicho kichupa kama umekamata kitu. Omba wapime bikaboneti, potasiamu, kalsiamu na kreatinini, na mkojo uangaliwe asidi yake na kama kuna maambukizi. Na kama kuna dawa nyingine yoyote unameza, ya presha, ya macho, ya kupunguza mwili, itaje yote, hasa asetazolamidi ambayo hutumika kwa presha ya macho, hiyo inafanya kazi ile ile ya topirameti kwenye figo na mbili pamoja hazifai kwako. Matokeo yakitoka niandikie tena na namba zake, nitakusaidia kuyasoma.